Jeannette Rankin: mama mwenye alisema hapana kwa vita mara mbili

Tangu mwezi wa tano wa 2021, wakati état de siège ilianza ku Nord-Kivu na Ituri, wasikilizaji wetu wamezoea habari moja yenye inarudia mu redio: wabunge na maseneta ku Kinshasa wamepiga kura ya kuirefusha tena. Katiba inasema irefushwe kwa siku 15, kisha waulizwe tena. Tunasikia kama imepita, tunaendelea na kazi zetu. Ni mara chache mutu anauliza: ule mwenye tulimutuma kule kwa jina letu, siku ile, yeye alijibu nini?

Leo tunaongelea mama mwenye alijibu kwa sauti, mbele ya wote. Anaitwa Jeannette Rankin, wa Marekani, mwanamuke wa kwanza kuingia katika bunge la inchi ile. Jina lake liliitwa mara mbili juu ya vita kubwa mbili za dunia, na mara zote mbili alisema hapana. Mara ya kwanza wenye kukataa walikuwa 50. Mara ya pili alikuwa yeye peke yake. Kila mara, mbele miaka miwili iishe, alikuwa inje ya bunge. Na mpaka leo watu hawajapatana kama alikuwa na haki.

Binti ya shamba

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa sita 1880, karibu na muji wa Missoula, mu Montana, upande wa kaskazini-magharibi ya Marekani. Ile wakati Montana haikukuwa bado jimbo kamili. Ilikubaliwa mwaka wa 1889. Baba yake, John Rankin, alitoka Kanada, alikuwa mufugaji na fundi wa mbao. Mama yake, Olive Pickering, alikuja kule kufundisha masomo. Jeannette alikuwa mukubwa wa nyumba, na sawa vile wakubwa wa nyumba popote, alilea wadogo zake na kusaidia kazi za shamba. Katika ile nyumba mutoto mwanaume alikuwa moja tu, Wellington, mwenye alikuja kuwa avoka mwenye pesa na nguvu. Tushike lile jina, juu litarudia.

Mwaka wa 1902 Jeannette alimaliza chuo kikuu cha Montana, katika masomo ya biolojia. Alifundisha kidogo, alishona manguo, lakini hakuona njia yake. Kisha kifo cha baba yake akaenda San Francisco, akaona namna maskini wa muji mukubwa wanaishi. Akaenda New York kusomea kazi ya kusaidia maskini, kisha akafanya kazi na watoto wasio na wazazi katika jimbo la Washington. Pale hakukawia. Alifika kuona kama shida za wale watoto zinatoka katika sheria, na sheria zinafanywa na wanaume wenye kuchaguliwa na wanaume.

Njo maana aliingia katika kazi ya kutafutia wanamuke haki ya kupiga kura. Jimbo la Washington liliikubali mwaka wa 1910. Mwaka wa 1911 alisimama mbele ya bunge la jimbo la Montana kuomba haki ile ile. Wanaume walimusikiliza, wengine wakicheka. Alizunguka lile jimbo lote, kubwa kupita inchi nyingi, katika vijiji na katika kambi za wachimbaji, mpaka wanaume wa Montana wakapiga kura mwaka wa 1914 na kukubali.

Mwaka wa 1916 akajitoa mwenyewe kuwa mugombea, katika chama cha Republican. Wellington alitoa pesa na kuongoza kampeni. Jeannette hakuficha kitu: alisema anataka Marekani isiingie katika vita yenye ilikuwa inaunguza Ulaya tangu 1914. Mwezi wa kumi na moja akashinda. Fikiri kidogo: katika majimbo mengi ya Marekani mwanamuke hakukuwa bado na haki ya kupiga kura, inchi nzima iliikubali mwaka wa 1920. Mama akawa mbunge wakati wamama wengi hawawezi hata kuweka karatasi katika sanduku.

Usiku wa Ijumaa Kuu

Bunge la Marekani liko na vyumba viwili kama letu: chumba cha wabunge na Seneti. Katiba yao inasema kama ni bunge njo linatangaza vita. Rais anaomba tu.

Tarehe 2 mwezi wa ine 1917, Rankin aliapishwa kuwa mbunge. Wenzake walimupigia makofi, alibeba maua mikononi. Mangaribi ya siku ile ile, Rais Woodrow Wilson alikuja mbele ya vyumba vyote viwili kuomba vita na Ujerumani, yenye manowari zake zilikuwa zinazamisha meli za Marekani. Kwa hiyo siku yake ya kwanza katika kazi ilikuwa siku ya kuombwa vita.

Zile siku ine zenye zilifuata hazikukuwa rahisi. Wellington alimusukuma akubali, juu aliona kama dada yake atajichimbia shimo. Kati ya wanamuke wenye walipigania haki ya kura pia kulikuwa mugawanyiko. Carrie Chapman Catt, mukubwa wa kikundi kikubwa, aliogopa kama kura ya hapana itawapa wanaume sababu ya kusema wanamuke hawawezi siasa. Upande wa Alice Paul walimwambia afuate roho yake. Maseneta walipiga kura tarehe 4: 82 walikubali, 6 walikataa. Chumba cha wabunge kilijadiliana mpaka usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 6, na kura ikafanyika karibu saa tisa ya usiku.

Ile kura ilikuwa ya kuita majina. Karani anasoma jina moja moja, mutu anajibu ndiyo ao hapana, na jibu linaandikwa. Mwenye hakujibu anaitwa mara ya pili. Jina la Rankin lilipoitwa mara ya kwanza, alinyamaza. Wengine walifikiri ameshindwa kuamua. Mara ya pili alisimama, na kinyume cha desturi, juu mutu haongei wakati wa kuita majina, alisema kama anapenda kusimama pamoja na inchi yake lakini hawezi kupigia vita kura. Kisha akakaa. Karani alipaswa kuhakikisha kama ile ilikuwa hapana.

Hesabu ilikuwa 373 kwa 50. Kati ya wale 50 alikuwa hata Claude Kitchin, kiongozi wa wabunge wengi, wa chama cha rais mwenyewe. Lakini asubuhi magazeti mengi yaliona mwanamuke tu. Yaliandika kama alilia, alishindwa kuvumilia, na kwa hiyo wanamuke hawafai. Fiorello La Guardia, mwenye alikuwa mbunge pia na alikuja kuongoza muji wa New York, aliulizwa kama alimuona akilia. Alijibu kama hakuweza kuona vizuri, juu macho yake mwenyewe yalijaa machozi.

Hapa tuseme ukweli wote. Kisha vita kuanza, Rankin hakuikimbia inchi yake. Alikubali serikali ikope pesa kwa raia juu ya jeshi, na alienda kuwaomba watu watoe. Na mwezi wa kumi na mbili 1917, bunge lilipoulizwa juu ya kutangaza vita na Ostria-Hungaria, alipiga kura ya ndiyo. Mwenye alikataa siku ile alikuwa mbunge moja tu, Meyer London wa New York. Rankin alieleza kama inchi ilikuwa tayari ndani ya vita, na ile kura haikubadilisha kitu kikubwa. Wapenzi wake wengi hawapendi kukumbusha ile siku. Sisi tunaikumbusha juu kura ya mutu haisomwi ile yenye inapendeza tu.

Shaba ya Butte

Ile miaka Montana ilikuwa inchi ya shaba. Watu wa Likasi na Kolwezi watasikia hii habari kama ya kwao. Muji wa Butte ulikaa juu ya machimbo, na kampuni ya Anaconda ilishika kazi, wanasiasa, na sehemu kubwa ya magazeti ya jimbo. Vita iliomba shaba: waya za telefoni, risasi, makombora. Bei ilipanda, na wachimbaji walisukumwa kutoa zaidi.

Tarehe 8 mwezi wa sita 1917, miezi miwili kisha kura ya vita, moto uliwaka ndani ya machimbo ya Speculator, karibu na Butte. Watu 168 walikufa, wengi wao kwa moshi. Wengine walikutwa mbele ya kuta za saruji zenye hazikukuwa na mulango wa kutokea, hata kama sheria iliomba mulango ukuwe. Wachimbaji waligoma. Waliomba usalama, waliomba mushahara, na waliomba iondolewe ile karti ya kampuni yenye mutu asipoibeba hapati kazi fasi yoyote.

Rankin alibeba maneno yao mpaka ku Washington. Alijaribu kuita wakubwa wa kampuni wakae pamoja na wachimbaji, wakakataa. Akaomba serikali yenyewe ishike yale machimbo wakati wa vita. Haikufika mbali. Lakini kwa kampuni alikuwa sasa adui, na wakati wa vita, mutu mwenye alikataa vita na kutetea wagomaji ni rahisi kumuita musaliti.

Katika ile miaka miwili alifanya mengine. Wanamuke wenye walifanya kazi katika kiwanda cha serikali cha kuchapa pesa walikuwa wanapitisha saa nyingi mbaya. Alifuatilia mpaka wakarudishwa ku saa nane kwa siku. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1918 ni yeye alifungua mazungumzo ya bunge juu ya haki ya kura ya wanamuke inchi nzima, na chumba cha wabunge kikaipitisha kwa kura 274 kwa 136. Seneti ndiyo ilikataa ile mwaka.

Bunge la Montana likagawanya jimbo sehemu mbili za uchaguzi, na yeye akaangukia sehemu yenye chama kingine kilikuwa na nguvu. Akajaribu Seneti mwaka wa 1918, akashindwa.

Miaka 20 mbele ya mulango wa bunge

Wengi wakishindwa wanarudi nyumbani. Rankin alibaki karibu na bunge, lakini inje. Mwaka wa 1919 alienda Zürich, mu Uswisi, pamoja na Jane Addams na wanamuke wa inchi zenye zilipigana, wakaunda chama cha kimataifa cha wanamuke juu ya amani. Mwaka wa 1924 alinunua shamba ku Georgia, kusini ya Marekani, nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Na kuanzia 1929, kwa miaka kumi, alilipwa na shirika moja la kuzuia vita kufanya kazi moja: kufuata wabunge.

Ile kazi tuieleze, juu ndani yake kuko somo. Rankin alijua kama mbunge anasikia sauti mbili: ya mukubwa wa chama chake ku Washington, na ya watu wa kwao wenye watamuchagua tena. Sauti ya pili inanyamaza juu watu hawajui alipiga kura gani. Kwa hiyo alisoma kura za kila mutu, kisha alienda mpaka mu eneo la ule mbunge na kuambia watu: huyu wenu, siku fulani, juu ya manowari ao pesa za jeshi, alijibu hivi. Hakuwa na bunduki, hakuwa na kiti. Alikuwa na hesabu.

Ile miaka ya 1930 mambo ya silaha yalijaa katika bunge. Kutoka 1934 mpaka 1936, kamati ya Seneti chini ya Gerald Nye ilichunguza watengenezaji wa silaha na faida yenye walipata katika vita ya 1914. Kisha bunge likapitisha sheria, ya kwanza mwaka wa 1935, zenye zilikataza kuuzia silaha inchi yenye inapigana. Upande mwingine, Carl Vinson, mbunge wa ile ile Georgia kwenye Rankin alikuwa na shamba, alikuwa anasukuma sheria za kujenga manowari mupya. Rankin alienda mbele ya kamati kupinga. Hakusema inchi isijilinde. Alisema silaha za kulinda mipaka ni jambo moja, na silaha za kwenda kupigana ngambo ni jambo lingine, na mbunge anapaswa kuuliza ni zipi anazilipia.

Walifika karibu sana mwaka wa 1938. Mbunge Louis Ludlow, wa Indiana, alileta wazo hili: kama Marekani haijashambuliwa, vita isitangazwe mpaka raia wenyewe wapige kura. Rais Franklin Roosevelt aliandikia bunge kupinga. Tarehe 10 mwezi wa kwanza, wabunge waliulizwa tu kama lile wazo lijadiliwe. Wenye kukubali walikuwa 188, wenye kukataa 209. Kura 11 tu zingegeuka, lingejadiliwa.

Moja kwa 388

Mwaka wa 1940, Ulaya iko tena ndani ya moto, Rankin alirudi Montana. Alikuwa na miaka 60. Alishinda katika chama chake Jacob Thorkelson, mbunge mwenye alijulikana kwa maneno ya chuki kwa Wayahudi, kisha akashinda uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo mwezi wa kwanza 1941, kisha miaka zaidi ya 20, aliingia tena.

Ule mwaka alikuta bunge lenye kugawanyika. Wakati wa sheria ya kupatia Uingereza na wengine silaha, alileta pendekezo bunge liulizwe kwanza mbele ya kutuma maaskari ngambo, wenzake walilikataa. Mwezi wa nane, sheria ya kurefusha muda wa vijana ndani ya jeshi ilipita kwa 203 kwa 202. Kura moja.

Kisha ikafika Siku ya Mungu tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili. Ndege za Japani zilishambulia kambi ya Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii, na Wamarekani karibu 2,400 wakakufa. Rankin alikuwa katika treni akienda kuongea ku Detroit. Alisikia habari, akashuka ku Pittsburgh, akarudi. Asubuhi aliendesha gari lake peke yake ndani ya barabara za Washington, juu asikutane na mutu wa kumushauri.

Roosevelt aliongea dakika chache. Seneti ilikubali yote: 82 kwa 0. Katika chumba cha wabunge, Rankin alisimama mara na mara kuomba neno, na Sam Rayburn, mwenye kuongoza kikao, hakumupa. Wenzake walimupigia kelele akae. Majina yakaanza kuitwa. Lake lilipofika, akasema hapana. Alieleza kama yeye, mwanamuke, hawezi kutumwa vitani, na hawezi kutuma mwingine.

Chumba kikamuzomea. Mbele hesabu ifungwe, wengine walimukimbilia wakimuomba abadilishe, hata ajizuie tu, juu inchi ionekane na sauti moja. Kati yao alikuwa Everett Dirksen, mbunge wa Illinois wa chama chake. Akakataa. Hesabu: 388 kwa 1.

Alipotoka, watu walimujalia, magazeti na picha. Aliingia ndani ya kibanda cha telefoni, akafunga mulango, akaita polisi wa bunge waje kumutoa. Walimusindikiza mpaka katika ofisi yake. Wellington alimujulisha kama Montana yote imemukataa, tena kupita kiasi. Mwandishi moja mukubwa wa Kansas, William Allen White, gazeti lake liliandika kama halikubaliani naye hata kidogo, lakini lilisifu ushujaa wa kusimama peke yake. Wenye waliandika hivyo walikuwa wachache.

Siku tatu nyuma ilikuwa zamu ya Ujerumani na Italia. Ile mara hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alijibu tu kama yuko.

Je, alikuwa na haki? Wengi wanasema hapana, na sababu zao ni nzito. Inchi ilikuwa imeshambuliwa. Ujerumani ya Hitler ilikuwa inaua Wayahudi kwa mamilioni, Japani ilikuwa imefanya maovu makubwa mu China, na bila jeshi hakuna mwenye angewazuia. Kura yake haikuokoa mutu. Mwaka moja nyuma, aliweka katika kitabu cha bunge maandiko yenye kuuliza kama siasa ya Roosevelt ilisukuma Japani. Wachunguzi wengi wa historia hawakumufuata. Wenye kumutetea wanasema jambo lingine: kama bunge la watu karibu 400 halina hata moja wa kukataa, basi kuuliza kwenyewe kumekuwa bure. Tunaweka mawazo yote mbili mezani. Kila musomaji atachagua.

Mwaka wa 1942 hakujitoa tena. Mwenye alikamata kiti chake mwezi wa kwanza 1943 alikuwa Mike Mansfield.

Bomu lenye halikuitiwa majina

Ile vita iliisha mwezi wa nane 1945 na mabomu mawili ya atomi, ku Hiroshima na Nagasaki. Na hapa njia inapita katika udongo wetu. Sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, mu Katanga. Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alipeleka tani zaidi ya 1,000 ku New York mwaka wa 1940. Watu wenye walichimba hawakuambiwa ni ya nini.

Lakini hata wabunge wa Marekani hawakuambiwa. Ile kazi ilikula dola karibu bilioni mbili, na wengi wao walipitisha pesa ndani ya bajeti ya jeshi bila kujua wanalipia nini. Viongozi wachache tu walielezwa, mwaka wa 1944. Kwa hiyo silaha kubwa kupita zote za dunia, hakuna mwenye aliitwa jina juu yake mbele ya wote.

Ilichukua miaka mpaka bunge liulizwe wazi juu ya zile bomu. Mwaka wa 1963, Rais John Kennedy alileta ku Seneti mapatano na Urusi ya Kisovieti na Uingereza ya kuacha kujaribu mabomu ya atomi hewani, ndani ya maji na juu ya anga. Kuyajaribu chini ya udongo kuliruhusiwa bado. Mapatano na inchi za inje yanaomba theluthi mbili za maseneta, kwa hiyo chama cha rais peke yake hakikutosha. Kiongozi wa wapinzani katika Seneti alikuwa ule ule Everett Dirksen. Mwanzoni alikuwa na mashaka. Alisoma, aliuliza, akabadilisha musimamo, akasimama mbele ya wenzake kueleza juu ya nini, na wengi wakamufuata. Tarehe 24 mwezi wa tisa ikapita: 80 kwa 19. Mwenye alimuomba Rankin abadilishe kura yake juu ya umoja, sasa alibadilisha yake juu ya kupunguza hatari.

Lakini mwaka moja nyuma, mwezi wa nane 1964, bunge lilipewa karatasi juu ya Vietnam, yenye ilimuruhusu Rais Lyndon Johnson kutumia jeshi namna anaona vizuri. Wabunge 416 walikubali, hakuna hata moja alikataa. Katika Seneti walikataa wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening. Haikuitwa kutangaza vita. Na kweli, tangu mwezi wa sita 1942 bunge la Marekani halijatangaza vita tena mpaka leo, hata kama maaskari wake wamepigana fasi nyingi.

Siku za mwisho

Kisha kutoka bunge, Rankin alitembea. Alienda Uhindi mara saba, kujifunza njia ya Gandhi, lakini yeye mwenyewe hawakukutana. Ku Georgia na Montana watu walimusahau. Ilikuwa vita ya Vietnam njo ilimurudisha.

Tarehe 15 mwezi wa kwanza 1968, wanamuke karibu 5,000 walitembea ndani ya theluji ya Washington, kikundi chao kikibeba jina lake. Alikuwa mbele yao, miaka 87. Walikatazwa kuingia wote katika uwanja wa bunge. Kikundi kidogo tu kiliruhusiwa kupeleka barua. Na mwenye aliwapokea upande wa Seneti, kama kiongozi wa maseneta wengi, alikuwa Mike Mansfield, ule mwenye alikamata kiti chake miaka 25 mbele.

Jeannette Rankin alikufa tarehe 18 mwezi wa tano 1973, ku Carmel, mu California, na miaka 92. Sehemu ya mali yake aliiacha juu ya kusaidia wanamuke wakubwa wasio na kazi, na mpaka leo kuko mufuko wenye jina lake wenye kulipia masomo ya wamama kama wale. Miezi sita kisha kifo chake, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja, bunge lilipitisha sheria yenye kusema kama rais akituma maaskari katika mapigano bila ruhusa ya bunge, muda wake ni siku 60. Rais Richard Nixon aliikataa. Wakaipitisha kwa nguvu, 284 kwa 135, na 75 kwa 18 ku Seneti. Marais wengi wamebishana nayo tangu pale. Rankin hakuiona.

Mwaka wa 1985 sanamu yake iliwekwa ndani ya jumba la bunge, kwa jina la Montana, jimbo lenye lilimukataa.

Tukirudi kwetu. Hatusemi kila mbunge akatae kila kura ya usalama. Kuko wakati wa kujilinda, na watu wa Beni, Rutshuru ao Djugu hawahitaji kufundishwa kile silaha inafanya. Tunasema kitu kidogo kuliko kile. Wamarekani wanaweza kusoma leo kura zote za yule mama: ile ya Ijumaa Kuu, ile ya Ostria-Hungaria, ile ya Pearl Harbor. Wanamusifu na wanamulaumu, lakini wanajua wanaongelea nini. Basi mara ingine ukisikia mu redio kama sheria ya usalama imepita ku Kinshasa, na mbunge wako amerudi kwenu kusalimia watu, kabla ya kumupigia makofi umuulize kwa heshima: papa, ao mama, siku ile ulijibu nini?